Mpira wa Kuanzia

Wening alikuwa na miaka kumi na tisa, na jina lake lilikuwa la mia sita na kumi na moja katika orodha ya wachezaji tenisi wanawake wa dunia, siku aliposhindwa mechi bila mpira kupigwa.

Ilikuwa Nonthaburi, Thailand, kwenye mashindano madogo ya kulipwa, yale ambayo watazamaji wake ni wazazi, makocha na wachezaji waliokwisha kutolewa. Ilikuwa raundi ya mwisho ya mchujo. Ukishinda unaingia kwenye mashindano yenyewe. Ukishindwa unafungasha mabegi. Mpinzani wake, Nattaya, alikuwa msichana wa hapohapo mjini, mwenye mkono mzito na haraka ya kumaliza pointi. Walikuwa wamegawana seti mbili za kwanza. Katika ya tatu Wening alikuwa nyuma gemu nne kwa tano, yeye ndiye anayeanzisha mpira, na pointi zilikuwa thelathini kwa arobaini. Pointi moja tu ikimponyoka, basi. Akadundisha mpira mara nne kama kawaida yake, kisha akainua macho kumtazama baba yake.

Baba yake, Tukiran, alikuwa ameketi safu ya pili, kofia ya kiwanda kichwani. Akagusa ukingo wa kofia, kisha sikio la kushoto. Kofia maana yake: mpigie upande wa mkono wake dhaifu. Sikio: kimbilia wavuni. Lugha hiyo waliitunga wawili Wening akiwa na miaka kumi na moja, na mpaka siku hiyo waliamini hakuna mtu mwingine anayeielewa.

Mwamuzi alikuwa amekwisha kuielewa tangu seti ya pili. Miaka ile kocha hakuruhusiwa kumwelekeza mchezaji wake mchezo ukiendelea, kwa neno wala kwa ishara, na Tukiran alikuwa ameshaonywa mara moja. Kosa la pili ni kukatwa pointi. Mwamuzi akasogelea kipaza sauti, akalitamka jina la Wening kwa shida, akasema pointi ni ya Nattaya. Na kwa kuwa ilikuwa imebaki hiyo moja, akaunganisha papo hapo: gemu, seti na mechi.

Wening alibaki na mpira mkononi. Nattaya naye alikuwa ng'ambo ya pili, amekunja magoti, anangoja mpira usiokuja, hadi mtu alipopiga makofi ndipo akajua ameshinda. Walipeana mikono juu ya wavu. Nattaya alimwambia kwa Kiingereza cha kuokoteza kwamba anasikitika, na uso wake ulionyesha kweli anasikitika.

Tukiran hakuwahi kuwa mchezaji. Alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha sukari nje kidogo ya Madiun, Java ya Mashariki. Kiwanda kile kilikuwa na uwanja wa saruji uliojengwa enzi za Waholanzi, na mameneja walicheza hapo kila Jumamosi asubuhi. Msimu wa kusaga miwa, masizi ya bomba kubwa yaliangukia uwanjani mpaka mipira ikawa rangi ya majivu. Tukiran alipewa kazi ya ziada ya kutengeneza wavu ukikatika. Alikuwa akimaliza kazi yake anakaa kando kuwatazama wale mabwana, halafu anarudi nyumbani anachora miguu na mabega yao kwenye daftari, jinsi anavyochora ekseli na magurudumu ya mashine. Binti yake alipofika miaka saba, alimkatia mpini wa raketi kuukuu, akampeleka uwanjani baada ya swala ya alasiri. Kila alichokijua Wening kilitoka kwenye daftari lile.

Na kilimfikisha mbali. Miaka kumi na nne, bingwa wa mkoa. Kumi na saba, pointi yake ya kwanza ya dunia. Kumi na nane, Tukiran akaomba likizo ndefu kiwandani, wakaanza kuzunguka pamoja: Kuching, Bangkok, Hong Kong, na miji mingine ambayo waliijua kwa viwanja vyake tu. Tukiran alipika wali kwenye jiko dogo la umeme vyumbani mwa hoteli. Alifunga nyuzi za raketi mwenyewe, kwa mashine aliyoiunda kwa mabaki ya vyuma. Wachezaji wengine walimcheka kwanza, kisha wakaanza kumletea na raketi zao.

Lakini kwa mwaka mzima sasa Wening alikuwa amekwama kwenye mia sita. Akianzisha mpira, kiwiko kilikuwa chini mno na nguvu yote ilitoka begani. Bega lilimuuma, alilipaka dawa kila asubuhi na kulikandia barafu kila jioni, na hakumwambia mtu. Tena alikuwa na tabia ambayo hata yeye hakuijua mpaka alipoambiwa.

Aliyemwambia alikuwa Meike Lantang, mwanamke wa Manado mwenye miaka arobaini na kitu, sauti kama ya mwalimu wa kwaya. Zamani aliichezea timu ya taifa. Siku hizo alikuwa na kambi yake ya wachezaji watano huko Jakarta. Alimkuta Wening nyuma ya jengo la kubadilishia nguo, ameketi juu ya begi lake, akamletea embe lililokatwa kwenye mfuko wa nailoni, akaketi naye.

"Leo nilikuhesabia," Meike akasema. "Seti ya tatu peke yake umemwangalia baba yako mara hamsini na nane. Nattaya umemwangalia mara ngapi?"

Wening akakunja ukingo wa mfuko wa embe.

"Na hilo bega, usinidanganye. Ukiendelea kuanzisha mpira hivyo, kabla hujafika miaka ishirini na tatu utakuwa unashindwa kuanika nguo."

"Ndivyo nilivyofundishwa, Kocha."

"Najua. Ndiyo maana nilimwandikia baba yako mwaka jana, nikasema nakutaka kambini, chumba na chakula juu yangu. Akanijibu kwamba hutaki kuondoka nyumbani." Akamtazama usoni, akaelewa. "Ahaa. Hukuambiwa."

Wening alikula kipande kimoja cha embe, kisha cha pili. Akauliza barua ile ilitumwa mwezi gani. Meike akasema Machi. Machi ya mwaka jana Wening alikuwa nyumbani wiki nzima na baba yake, wanachezea uwanja uleule, wakila kwenye meza ileile.

Safari ya kurudi ilikuwa ndege mbili na treni moja. Tukiran alizungumza njia nzima kuhusu mwamuzi. Kwamba mwamuzi alikuwa na chuki, kwamba mtu ana haki ya kujikuna sikio lake, kwamba atakata rufaa. Wening aliitikia pale palipohitaji kuitikiwa. Nyumbani kwao watu hawakuwa na desturi ya kumkabili mtu na jambo. Mtu alizunguka, akapiga kona tatu, na mwenye kuelewa akaelewa. Hakuwahi hata mara moja kumwambia baba yake neno "hapana". Mtu wa namna hiyo hujifunza kumeza maneno tangu utoto, na alikuwa amemeza mengi.

Alimwambia mama yake kwanza. Sulastri alikuwa akiuza pecel asubuhi mbele ya lango la kiwanda, mboga za kuchemsha zenye mchuzi wa karanga, na Wening alikuwa akimsaidia kufunga kwa majani ya mgomba. Mama alisikiliza habari ya barua bila kusimamisha mikono yake.

"Niliiona," akasema mwishowe. "Nilimwambia mpe mtoto asome. Akasema bado kidogo. Kila mwezi bado kidogo."

"Na wewe ukanyamaza, Mama?"

"Nikanyamaza. Nimekuwa nikinyamaza miaka ishirini na miwili, mwanangu, kwa hiyo usinifanye mimi mfano wa kuiga."

Basi Wening akajikaza. Alingoja Ijumaa, baba yake alipotoka msikitini na kukaa barazani kufunga nyuzi za raketi. Alimtengea chai ya sukari, akaketi kwenye ngazi, chini yake. Alikuwa amepanga kuanza mbali, azungumzie bega, kisha gharama za safari, kisha Jakarta. Alipofungua mdomo yakatoka mengine kabisa.

"Baba, nataka kwenda kwa Kocha Meike. Peke yangu."

Tukiran aliendelea kuvuta uzi. Mashine yake ilikuwa na mkono wa chuma uliolia kila alipouzungusha, na ulilia mara tatu au nne kabla hajasema kitu.

"Amekwambia kuhusu barua."

"Ameniambia."

"Mwenye kambi anatafuta wachezaji. Ndiyo kazi yake. Leo anakutaka, kesho ukishindwa mara mbili anakutupa." Akafunga fundo, akakata uzi. "Kuna nini atakachokufundisha ambacho mimi sikukufundisha?"

"Kuanzisha mpira."

"Mpira wako wa kuanzia umekufikisha mia sita na kumi na moja ya dunia. Dunia nzima, Ning."

"Na umeniharibu bega, Baba. Nalipaka dawa tangu mwaka jana."

Hapo akaacha kazi. Alimtazama bega, si uso, kama anavyotazama mtambo ulioharibika ghafla wakati yeye ndiye aliyeukagua jana yake. Aliuliza upande gani. Akauliza linauma akiinua au akishusha. Wening akamwonyesha. Tukiran akaweka raketi chini, pikipiki za wafanyakazi wa zamu zikitoka kiwandani.

"Niliisoma ile barua mara nyingi," akasema. "Kila nikiisoma naona amesema kweli. Nikasema nimalizie kwanza kukufundisha wavuni, halafu nikuambie. Ukaweza wavuni, nikasema nimalizie pigo la mkono wa nyuma." Akaokota kipande cha uzi kilichoanguka. "Nilidhani bado ninacho cha kukupa."

Wening alikuwa amejiandaa kwa hasira. Kwa maneno hayo hakuwa amejiandaa, na kidogo tu abatilishe yote, amwambie wataendelea, watarekebisha bega wenyewe pale uwanjani. Aliyaona maneno hayo yakija, akayazuia. Akasema treni ni Jumatatu.

Tukiran hakwenda stesheni. Alimwambia mke wake kwamba kuna valvu inavuja kiwandani. Lakini raketi sita zilikuwa zimefungwa nyuzi mpya, zimepangwa ndani ya begi, kila moja na kipande cha karatasi kilichoandikwa mkazo wa nyuzi zake kwa kilo.

Kambi ya Meike ilikuwa nyumba ya kukodi kusini mwa Jakarta, karibu na viwanja vinne vya shirika moja la umma. Wiki ya kwanza Wening hakugusa mpira. Alisimama mbele ya kioo, mkono juu, kiwiko juu, mkono chini, mara mia tatu kwa siku. Wiki ya tatu akapewa soksi yenye mpira ndani, awe anaitupa. Mwezi wa pili ndipo akapewa raketi, na kila mpira alioupiga ulikwenda kwenye uzio au kwenye vifundo vyake vya miguu. Mwili uliokuwa umekariri jambo moja kwa miaka kumi na miwili haukubali kirahisi kwamba ulikosea. Meike hakuwa mtu wa kubembeleza. Akiona mpira mbaya alisema "mwingine". Akiona mzuri alisema pia "mwingine". Jumapili alikwenda kanisani, akirudi anapika samaki wenye pilipili kali mpaka kambi nzima inatokwa na machozi, na hapo tu ndipo aliongea mambo yasiyohusu tenisi.

Baada ya miezi minne akarudishwa mashindanoni, na akashindwa mechi saba mfululizo, zote raundi ya kwanza. Katika moja alikosa mipira ya kuanzia kumi na tisa, mbele ya msichana wa Taiwani mwenye miaka kumi na tano ambaye hakuonekana kuamini bahati yake. Pointi zake za dunia za zamani, ambazo hudumu mwaka mmoja tu, zikaanza kuisha muda. Kutoka mia sita na kumi na moja akaanguka mia saba na themanini, kisha mia tisa na arobaini. Bega lilikuwa limepona kabisa. Alimwambia Meike kwamba sasa ana bega zuri la mwanamke asiye na kazi, na Meike akacheka kwa mara ya kwanza mbele yake.

Baba yake hakupiga simu. Mama alipiga kila Alhamisi, na habari za Tukiran zilipita kwake. Amerudi kazini zamu kamili. Amekonda kidogo. Kisha siku moja mama akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kwamba amenunua njiwa wa kuimba, yule mdogo anayeshindanishwa, na kizimba cha kuchongwa, na sasa anamfundisha.

"Anamfundishaje ndege kuimba, Mama?"

"Kwa ratiba. Saa kumi na mbili juani, saa tatu kivulini. Ana daftari. Ndege ameimba mara ngapi, kwa sauti gani, amekula nini. Namwonea huruma yule ndege."

Walicheka wote wawili. Wening akauliza kama baba huwa anauliza habari zake. Mama akasema haulizi, lakini simu yake ya mkononi kila siku ya mechi huwa haina chaji ifikapo adhuhuri.

Mwezi Septemba akaenda Hua Hin, mji wa pwani Thailand, na kwa kuwa jina lake lilikuwa limeporomoka ikabidi aanzie mchujo tena. Alishinda mechi ya kwanza ya mchujo bila kuelewa vizuri ameshindaje. Akashinda ya pili, akaingia kwenye mashindano yenyewe. Akashinda raundi ya kwanza, na ya pili. Mpira wa kuanzia ulikuwa umeanza kufika pale alipoutuma. Haukuwa na kishindo, ila ulifika, na mara kwa mara ulijipinda mwishoni kwa namna iliyowaudhi wapinzani.

Robo fainali alikutana na Mjapani wa mkono wa kushoto, Ayano, aliyekuwa miongoni mwa mia mbili na hamsini bora, mtu asiyekosea. Alipoteza seti ya kwanza tatu kwa sita. Ya pili akawa nyuma moja kwa nne. Wakati wa kubadilishana pande aliketi, akajifunika taulo kichwani, kisha akalifunua na kuangalia jukwaani. Alikuwa amejizuia siku nzima. Meike alikuwa pale, safu ya tatu, amevaa miwani ya kusomea, anamenya chungwa. Hakuinua uso. Wening aliendelea kumtazama, na Meike akaendelea na chungwa lake, akatoa mbegu moja moja na kuziweka kwenye kitambaa.

Hasira zilimpanda. Ndipo akageuka upande wa pili, kwa kukosa pa kutazama, akamwona Ayano kwenye kiti chake. Ayano alikuwa anakanda goti la kulia. Analikanda taratibu, huku akitazama pembeni kama mtu asiyetaka kuonekana.

Wening akajiuliza: huyu amekuja wavuni mara ngapi leo? Akarudisha mechi nzima kichwani. Mara moja. Mara moja tu, na aliporudi nyuma alichechemea hatua mbili. Alikuwa ameyaona yote hayo kwa macho yake mwenyewe, na hakuyatilia maanani kwa sababu hakuna aliyemwambia ayatilie maanani.

Alipoinuka, akaanza kupiga mipira mifupi, ya kuanguka karibu na wavu. Wa kwanza uligonga wavu. Wa pili ukapita, Ayano akaukimbilia na kuukosa. Wa tatu Ayano aliufikia, na Wening akaupitisha juu ya kichwa chake, akamlazimisha kurudi mbio hadi mwisho wa uwanja. Haukuwa mchezo wa kupendeza. Ulikuwa mchezo wa kumchosha mtu mwenye goti bovu, na Wening aliucheza kwa saa moja na dakika ishirini bila huruma na bila kuangalia jukwaani tena. Alishinda seti ya pili saba kwa tano, na ya tatu sita kwa mbili.

Meike alimngoja langoni. Akamuuliza wazo la mipira mifupi lilitoka wapi. Wening akasema aliona goti.

"Mimi nililiona kwenye gemu ya tatu," Meike akasema. "Umechelewa. Lakini umeliona." Akampa nusu ya chungwa.

Nusu fainali alishinda pia. Fainali alipigwa vizuri na Mwaustralia mmoja mwenye mabega mapana, mbili kwa sita, nne kwa sita, na hakuwa na la kulalamika. Wiki iliyofuata jina lake lilisimama kwenye mia tano na arobaini, mahali ambapo hakuwa amewahi kufika.

Jioni ya fainali ile simu yake ililia akiwa anangoja basi la uwanja wa ndege. Ilikuwa namba ya mama, ila sauti haikuwa ya mama.

"Gemu ya tatu, seti ya pili," Tukiran akasema, bila salamu wala nini. "Ulikuwa arobaini kwa sufuri ukapoteza. Nini kilitokea? Kwenye simu naona namba za matokeo tu."

"Jua, Baba. Nilikuwa naanzisha kuelekea kwenye jua."

"Na huo mtindo mpya, mpira unaurusha wapi? Mbele au juu ya kichwa?"

"Mbele kidogo, kulia."

"Basi urushe kushoto zaidi jua likiwa hivyo." Akakohoa. "Muulize kocha wako kwanza."

Wening akasema atamuuliza. Wakakaa na simu masikioni, hakuna aliyekata. Mwishowe Tukiran akasema njiwa amehara kwa sababu ya mtama mbichi, akaaga.

Alikuja Jakarta mwezi Novemba. Alisema amekuja kwa ajili ya shindano la ndege, na kweli alikuwa na kizimba, kimefunikwa kitambaa cha batiki, alichokipakata treni nzima. Njiwa alishika nafasi ya thelathini na nne kati ya arobaini. Kesho yake, Jumatatu asubuhi, Tukiran akatokea kwenye viwanja, shati limepigwa pasi, akamwamkia Meike kwa heshima zote, na Meike akamwamkia vilevile. Walizungumza hali ya hewa na safari ya treni. Kuhusu barua hakuna aliyesema neno. Kisha Meike akasema ana shughuli ofisini, na kwamba uwanja namba nne uko wazi mpaka saa nne.

Baba na binti wakabaki. Tukiran alifunga mikono nyuma, akatazama chini, akatazama wavu, akaona kwamba umelegea upande mmoja, akaenda akaukaza. Aliporudi akasema, "Nionyeshe basi."

Wening akaanzisha mipira kumi. Tukiran alizunguka, akamtazama kwa nyuma, kisha kwa pembeni, kisha akachuchumaa. Akaomba arudie polepole bila mpira. Akauliza kwa nini goti linakunjwa kabla ya mkono kwenda juu. Na hapo likatokea jambo ambalo halijapata kutokea kati yao tangu azaliwe: Wening alimfundisha baba yake. Alimweleza jinsi nguvu inavyotoka ardhini, ikapanda mguuni, ikapita kiunoni, na bega likawa njia tu ya kupitia. Alimshika mkono, akamnyanyulia kiwiko mahali pake. Mkono wa baba yake ulikuwa mzito kuliko alivyodhani, na mgumu, na uliinuka kwa utiifu.

"Kama mkanda wa mashine," Tukiran akasema. "Injini iko chini."

"Ndiyo."

"Mimi niliweka injini begani."

Wening akasema, "Hukuwa na mtu wa kukuonyesha, Baba."

Tukiran alitikisa kichwa kama mtu anayekubali nusu ya neno. Akaomba raketi. Alirusha mpira, akapiga, ukatoka nje ya uzio kabisa na kutua kwenye paa la kibanda cha mlinzi. Mlinzi akachungulia. Tukiran akaomba radhi kwa mkono, akachukua mpira mwingine. Wa saba ndio ulioingia. Alisimama akauangalia ukisimama kule mwisho, kisha akasema kwamba, kwa maoni yake, Wening anachelewa nukta moja kukunja kifundo cha mkono, na kwamba akiwahi mpira utazidi kujipinda. Wening akasema hapana, Baba, huko ndiko tulikotoka, nikiwahi naupoteza. Neno "hapana" alilisema kabla hajalifikiria. Tukiran akafikiri, akauliza ana hakika. Akasema ana hakika. Basi akaenda kuokota mipira, akaijaza ndoo, akaanza kumrushia mmoja mmoja, na walikuwa katikati ya ndoo ya pili pale akina mama wawili wenye kofia nyeupe walipofika langoni wakasema uwanja ni wao kuanzia saa nne, na saa nne imepita.